Gari halipati mafuta: jinsi ya kutafuta kosa la umeme kabla ya kununua pampu

Tuchukue mfano ambao madereva wengi wa barabara ya Muleba kwenda Bukoba watautambua. Gari dogo la abiria, moja ya yale tunayoyaita michomoko, limetoka Muleba alfajiri. Limepita Muhutwe bila shida. Likikaribia Kemondo linaanza kukosa nguvu, linavuta na kuachia, kisha linazima. Dereva anapiga stata na injini inazunguka vizuri, lakini haiwaki. Mafuta yamo, mshale unaonyesha nusu tangi. Baada ya dakika 20 gari linawaka kama vile halikuwa na tatizo. Linafika Bukoba, na baada ya siku mbili linazima tena.

Hapo ndipo pesa zinapoanza kutoka. Fundi wa kwanza anasema ni pampu ya mafuta, inanunuliwa. Wa pili anasema ni nozeli, zinabadilishwa. Wa tatu anasema kontroli boksi imeungua. Mwenye gari ameshatumia mapato ya mwezi mzima na gari bado linazima. Kama siku hiyo lilikuwa limebeba mgonjwa wa kwenda hospitali, hasara si ya pesa peke yake.

Katika makala haya tunaeleza jinsi umeme unavyosimamia mafuta ndani ya gari, na jinsi ya kutafuta hitilafu hatua kwa hatua. Hatukusudii kumfanya kila msikilizaji awe fundi. Tunataka ujue maswali ya kuuliza, na ushike kanuni moja: kifaa kisinunuliwe kabla kipimo hakijaonyesha umeme unaishia wapi.

Nani anaruhusu mafuta yaingie kwenye injini?

Magari ya zamani yalikuwa na kabureta. Injini yenyewe ilivuta hewa, na hewa ikavuta petroli. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa kupuliza mafuta unaosimamiwa na umeme, na gari la Volkswagen 1600 likawa kati ya magari ya kwanza kuutumia. Leo karibu magari yote madogo ya petroli unayoyaona stendi ya Bukoba au Muleba, kama Toyota IST, Probox, Noah na Premio, yanatumia mfumo wa aina hiyo.

Mfumo una sehemu nne za kukumbuka.

Ya kwanza ni pampu ya mafuta. Ni mota ndogo ya umeme inayokaa ndani ya tangi na kusukuma petroli hadi kwenye injini.

Ya pili ni nozeli. Ni vali ndogo za umeme, kwa kawaida moja kwa kila silinda. Zinafunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde na kupuliza petroli kama ukungu.

Ya tatu ni sensa. Si ile sensa ya kuhesabu watu. Hivi ni vifaa vinavyopeleka taarifa: injini inazunguka kwa kasi gani, hewa inayoingia ni kiasi gani, maji ya injini yana joto gani, moshi una oksijeni kiasi gani.

Ya nne ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Inapokea taarifa za sensa, inaamua mafuta kiasi gani yapulizwe, kisha inatoa amri kwa nozeli na pampu.

Umeme wa pampu nao una safari yake. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei, ambayo ni swichi inayowashwa na umeme mwingine mdogo. Unafuata waya hadi nyuma ya gari, unaingia kwenye pampu, halafu unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanaiita ethi. Ikikatika popote, iwe kwenda au kurudi, pampu inasimama hata kama ni mpya.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kontroli boksi haiachi pampu ifanye kazi muda wote. Inasubiri taarifa kwamba injini inazunguka. Injini ikisimama, inakata pampu ndani ya muda mfupi. Imefanywa hivyo kwa usalama, ili gari likipata ajali na injini ikazima, petroli isiendelee kumwagika.

Usalama kabla ya yote

Petroli haihitaji moto mkubwa. Mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo ya waya. Watanzania hatujasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kuwaka moto. Kwa hiyo:

- Likizima barabarani, sogeza gari pembeni, weka pembetatu za tahadhari, na abiria washuke wakae mbali na barabara.
- Usivute sigara, na usitumie mwali wa kiberiti au kibatari kuangalia chini ya gari.
- Usijaribu pampu nje ya tangi kwa kugusisha waya kwenye betri pale penye harufu ya petroli.
- Usifungue bomba la mafuta injini ikiwa ya moto. Bomba hubaki na presha hata baada ya kuzima.
- Ukisikia harufu kali ya petroli, acha vipimo vya umeme kwanza. Tafuta panapovuja.
- Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Hatua ya kwanza: sikiliza na uangalie, bila kifaa chochote

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mafuta yapo kweli. Mshale wa dashibodi nao ni kifaa cha umeme na unaweza kudanganya. Kama ulinunua petroli ya kwenye chupa au dumu njiani, kumbuka kwamba inaweza kuwa na maji, na hilo si kosa la umeme.

Kisha washa swichi bila kupiga stata. Angalia taa ya injini kwenye dashibodi, ile ya rangi ya njano yenye picha ya injini. Inatakiwa kuwaka. Isipowaka kabisa, ama taa yenyewe imekufa, ama kontroli boksi haipati umeme. Katika hali hiyo kununua pampu ni kupoteza pesa, maana anayetoa amri mwenyewe hayuko kazini.

Piga stata. Ikizunguka kwa uvivu, anza na betri. Betri nzima ikiwa imepumzika inasoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka inapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Betri dhaifu huzungusha stata lakini huiacha kontroli boksi na umeme usiotosha kufanya kazi.

Sasa sikiliza pampu. Mtu mmoja aweke sikio karibu na mdomo wa tangi au kiti cha nyuma, mwingine awashe swichi. Magari mengi hutoa mlio mdogo wa sekunde chache. Hapa kuna mtego: Toyota nyingi za miaka ya 1990 haziwashi pampu kwa swichi peke yake. Zinasubiri stata izungushwe. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa sababu mtu aliwasha swichi, akasikia kimya, akatoa hukumu. Kwa hiyo sikiliza pia wakati wa kupiga stata.

La mwisho katika hatua hii ni moto wa plagi. Mwachie fundi mwenye kifaa chake cha kupimia, kwa sababu umeme wa plagi ni mkali na cheche yake haifai kuwa karibu na petroli. Jibu lake linagawa kazi sehemu mbili:

- Plagi zina moto lakini mafuta hayafiki: tafuta kwenye njia ya pampu au ya nozeli.
- Plagi hazina moto: usifungue tangi kwanza. Angalia umeme wa kontroli boksi, koili, na sensa ya mzunguko wa injini. Sensa hiyo ikifa, kontroli boksi haijui kwamba injini inazunguka, hivyo haitoi moto wala mafuta.

Kama gari lina ufunguo wenye chipu, angalia pia taa ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Gari likishindwa kuutambua ufunguo, kompyuta inakataa kuruhusu injini iwake. Jaribu ufunguo wa pili kama upo.

Hatua ya pili: fyuzi, rilei na swichi ya siri

Fungua kisanduku cha fyuzi. Kwenye Toyota nyingi, fyuzi ya mfumo wa mafuta imeandikwa EFI. Itoe, iangalie kwenye mwanga. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ileile ya ampea. Ikiungua tena mara moja, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, au pampu imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge kwa waya au karatasi ya sigara. Fyuzi iliundwa ife yenyewe ili waya usiungue. Ukiizuia kufa, utakaoungua ni waya unaopita karibu na tangi la petroli.

Rilei inafuata. Mara nyingi kwenye kisanduku kuna rilei mbili zinazofanana, kwa mfano ya honi. Kama zina namba moja na miguu iliyopangwa sawa, zibadilishane. Gari likiwaka na honi ikaacha kulia, umeshapata jibu bila gharama.

Halafu uliza swali ambalo husahaulika: je, gari hili liliwahi kufungwa alamu, kifaa cha kufuatilia gari, au swichi ya siri ya kuzuia wizi? Kazi hizo mara nyingi hufanywa kwa kukata waya wa pampu au wa swichi na kuunga swichi nyingine katikati. Kiungio kikiwa kimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu, baada ya mwaka mmoja au miwili huanza kulegea na kushika kutu. Kikipata joto kinaachia, kikipoa kinashika. Kabla ya kusema pampu imekufa, fuata waya wa swichi hiyo hadi mwisho.

Hatua ya tatu: umeme unaishia wapi?

Sasa tunahitaji kifaa cha kupimia. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, iliyoungwa waya mbili. Kifaa bora zaidi ni multimita. Vyote viwili vina kazi, na tunaeleza kwa nini.

Kwenye Toyota nyingi ndogo, ukiinua kiti cha nyuma utaona mfuniko, na chini yake soketi ya waya wa pampu. Chomoa soketi, unganisha balbu kwenye waya mbili za pampu upande unaotoka mbele ya gari, kisha mtu apige stata.

Balbu ikiwaka kwa nguvu, umeme na ethi vinafika. Hapo pampu ndiyo inayoshukiwa.

Balbu ikiwa hafifu, kuna waya au kiungio kinachopoteza umeme njiani.

Balbu isipowaka, hamisha waya mmoja wa balbu uguse chuma safi cha bodi. Ikiwaka sasa, njia ya kwenda ni nzima na tatizo ni ethi. Isipowaka bado, rudi mbele: pima kwenye rilei, kisha kwenye fyuzi, mpaka upate mahali ambapo umeme upo upande mmoja na upande wa pili haupo. Kosa liko katikati ya sehemu hizo mbili.

Kwa nini balbu wakati multimita ipo? Multimita inatumia umeme mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu utasoma volti 12 kwenye multimita, na fundi atasema umeme upo. Lakini pampu inahitaji ampea kadhaa, na uzi mmoja hauwezi kuzipitisha. Balbu inavuta karibu ampea 2, hivyo inaufichua ule uongo.

Onyo muhimu: balbu ni ya waya za pampu, fyuzi na rilei tu. Usiiguse kwenye waya za sensa wala za kontroli boksi. Sensa nyingi zinatumia volti 5 na umeme kidogo sana, na balbu inaweza kuunguza kompyuta iliyokuwa nzima. Huko tumia multimita peke yake.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cha vipimo karibu na injini, chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Swichi ikiwa imewashwa, ukiunganisha tundu la +B na la FP kwa waya mfupi, pampu inapata umeme bila kupitia rilei inayoiwasha. Pampu ikilia hapo, na wakati wa stata hailii, basi tatizo ni rilei hiyo au amri yake. Fanya hivyo kwa kupima tu. Dereva akiendesha gari na waya huo mahali pake, ameondoa ile kinga inayokata mafuta wakati wa ajali.

Hatua ya nne: ethi, adui asiyeonekana

Makosa mengi yanayobebeshwa kontroli boksi kumbe ni ya ethi. Bolti ya ethi ikishika kutu, au fundi aliyefungua injini akasahau kurudisha waya mmoja, sensa zinaanza kutoa taarifa za ajabu na nozeli zinafanya kazi kwa kusuasua.

Kipimo chake ni rahisi. Weka multimita kwenye volti. Waya mweusi uguse ncha hasi ya betri, waya mwekundu uguse ethi ya pampu au ya injini, huku kifaa hicho kikiwa kinafanya kazi. Ethi nzuri husoma karibu na sifuri, chini ya volti 0.2. Ukisoma volti 1 au zaidi, umeme unapotelea hapo. Fungua bolti, safisha kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo juu yake.

Kama kosa linakuja na kuondoka

Gari la mfano wetu lina ugonjwa mgumu zaidi: likifika gereji linawaka. Vipimo vyote vinakuwa sawa, kwa sababu wakati huo kosa halipo. Njia inayosaidia ni kuunga balbu sambamba na waya za pampu, bila kuchomoa pampu, na kuvuta waya mrefu hadi mbele ya dereva. Viungio vifungwe vizuri, visiguse bodi, na kwenye waya wa kwenda iwekwe fyuzi ndogo. Kisha gari litumike kama kawaida.

Siku likizima, dereva aangalie balbu wakati anapiga stata. Ikiwaka vizuri, umeme unafika na pampu, chujio au moto wa plagi ndivyo vya kuangaliwa. Isipowaka, umeme umekatika kabla ya pampu, na hakuna sababu ya kununua pampu. Vitu vingine vinavyokufa kwa joto na kufufuka vikipoa ni sensa ya mzunguko wa injini, koili, na rilei ambayo risasi yake ya ndani imepasuka.

Mashine ya kupimia gari inasema nini?

Siku hizi gereji nyingi zina mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na kuna vifaa vidogo vinavyounganishwa na simu kwa Bluetooth. Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001, yanatumia soketi ya matundu 16 na lugha inayofanana. Gari la zamani lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani linaweza kuwa na soketi hiyohiyo lakini likazungumza lugha nyingine. Kwa hiyo kifaa cha simu kikisema hakioni gari, si lazima gari liwe bovu.

Hizi ni baadhi ya namba zinazohusu mafuta:

- P0230: njia ya umeme inayoongoza pampu ya mafuta.
- P0201 hadi P0204: njia ya umeme ya nozeli ya silinda ya 1 hadi ya 4.
- P0335: njia ya sensa ya mzunguko wa injini.
- P0100 hadi P0103: sensa ya kupima hewa inayoingia.
- P0115 hadi P0118: sensa ya joto la maji ya injini.
- P0171: hewa nyingi, mafuta machache.
- P0172: mafuta mengi kupita kiasi.

Soma tena maneno "njia ya umeme". Namba inasema kompyuta imeona tatizo kwenye njia ile. Haisemi kifaa cha mwisho ndicho kibovu. P0201 inaweza kuletwa na nozeli iliyokufa, soketi iliyolegea, waya uliotafunwa na panya, au kontroli boksi. Kipimo cha dakika mbili kinatenganisha: chomoa soketi ya nozeli na upime ukinzani wake kwa multimita. Kwenye injini nyingi za kawaida za Toyota utasoma kati ya omu 12 na 16. Injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile zilizoandikwa D-4, zina vipimo tofauti na presha kubwa sana, na hazifai kufunguliwa na asiyezijua.

Na kabla namba hazijafutwa, ziandike au zipige picha kwa simu yako. Fundi anayefuta namba bila kuziandika ameondoa ushahidi.

Gari linawaka lakini linakula mafuta

Si kila kosa linazima gari. Jingine linakula pesa kimyakimya. Moshi unakuwa mweusi, kuna harufu ya petroli, na safari iliyokuwa ikitumia lita chache sasa inataka zaidi.

Anayeshukiwa mara nyingi ni sensa ya joto la maji. Injini ikiwa baridi inahitaji mafuta zaidi. Sensa ikiripoti baridi wakati injini ni ya moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli. Ikikatika kabisa, kompyuta inagundua, inawasha taa na kutumia kipimo chake cha akiba. Lakini kama soketi yake imeshika kutu kidogo tu, taarifa inakuwa ya uongo unaoaminika, na taa haiwaki.

Kwenye Toyota nyingi, sensa hii inasoma karibu omu 2,000 hadi 3,000 ikiwa na joto la nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 ikifika nyuzi 80. Isichanganywe na ile ya mshale wa joto kwenye dashibodi. Magari mengi ya zamani yana mbili: ya waya mmoja ni ya mshale, ya waya mbili ni ya kompyuta.

Na magari ya dizeli?

Pikapu, Hiace na Land Cruiser nyingi za dizeli za zamani hazina kontroli boksi ya mafuta, lakini zina kidude cha umeme juu ya pampu ya dizeli. Kikipata volti 12 kinafungua njia ya mafuta, kikikosa kinafunga. Gari likikataa kuwaka ghafla, mtu mmoja awashe na kuzima swichi huku mwingine akisikiliza kidude hicho. Kinatakiwa kulia "tak". Kikikaa kimya, pima kama waya wake una umeme kabla ya kuishuku pampu nzima.

Dizeli mpya zenye mfumo wa kompyuta ni habari nyingine. Presha yake inaweza kupita bar 1,000, inatosha kupenya ngozi ya mkono. Usilegeze bomba lake injini ikiwa inazunguka.

Kwa nini magari ya huku kwetu yanasumbuliwa sana?

Bukoba ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na unyevu wa Ziwa Victoria hauondoki. Maji yakiingia kwenye soketi ya waya huacha kutu ya kijani. Barabara za vumbi za kwenda vijijini, huko Kamachumu, Nshamba au Rubya, zinatikisa viungio, na vumbi jekundu linajaa kwenye soketi. Gari likilala karibu na ghala la mahindi au maharage, panya hupanda kwenye injini na kutafuna waya.

Kinga yake haina gharama kubwa. Usioshe injini kwa maji ya presha. Usizoee kuendesha na tangi karibu tupu, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu. Badilisha chujio la mafuta kwa wakati, maana likiziba pampu inajilazimisha na kuvuta umeme mwingi. Kila kiungio cha waya kiungwe kwa risasi au kibano na kufunikwa vizuri.

Unapofika kwa fundi

Fundi mzuri hakasirishwi na maswali. Muulize kwa heshima: Fundi, umepima nini? Umepata volti ngapi, na wapi? Mashine imetoa namba gani? Kifaa cha zamani nitakiona? Tukibadilisha na tatizo lisiishe, tunakubaliana nini?

Kuwa mwangalifu zaidi ukiambiwa kontroli boksi. Huwa inakufa, lakini si mara nyingi, na ya mtumba lazima ifanane namba na ya kwako. Kwenye gari la ufunguo wenye chipu, boksi ya gari jingine inaweza isiwashe kabisa. Kama fundi wa kawaida ameshindwa, mtafute fundi umeme wa magari. Hiyo ni fani yake, na inafundishwa katika vyuo vya VETA. Kijana wako anayependa ufundi anaweza kuifikiria.

Turudi kwenye gari letu la Kemondo. Balbu imeungwa, na siku ya tatu gari limezima. Dereva anapiga stata, balbu haiwaki, ingawa plagi zina moto. Fundi anafuata waya kutoka kwenye rilei na kukuta, chini ya dashibodi, swichi ya siri aliyoifunga mwenye gari wa kwanza. Kiungio chake kimekuwa cheusi kwa joto. Kinakatwa, kinaungwa upya kwa risasi, kinafunikwa. Pampu mpya, nozeli mpya na kontroli boksi havikuhitajika.

Hifadhi makala haya kwenye simu yako, na umtumie dereva au fundi unayemfahamu. Siku gari likizima njiani, anza na hatua ya kwanza.